Kilo Moja na Robo

Nuuk, Machi, saa tisa za usiku.
Theluji inakwaruza dirisha,
na wewe umelala kwenye sanduku la kioo,
kilo moja na robo,
ngozi nyembamba hata nauona mshipa ukipinda.
Mikono hii hupasua samaki kiwandani,
yajua ini, yajua shahamu kwa ncha ya kidole.
Nilipokugusa niliitafuta.
Haikuwapo.

Daktari Høegh hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.
"Amewahi wiki kumi. Mapafu hayajatengeneza mafuta yake."
Nikauliza kama mjinga: mapafu yana mafuta?
Akachora, kwenye karatasi ya kufutia mikono,
kidude chenye kichwa kimoja na mikia miwili:
kichwa chapenda maji,
mikia yayaogopa.
Hujipanga safu mbili, akasema, mikia ikifichana katikati,
kuizunguka kila seli ya mwili,
ukuta usio na jiwe,
mlango ulio bawabu wa nafsi yake.
Na vingine vya ukoo huo hutandaa mapafuni,
ili vifuko vya hewa, pumzi ikitoka,
visigandamane kama mfuko wa nailoni uliolowa.

Nikamkumbuka baba.
Maji yakichafuka naye ataka kuona chini,
alikamua kipande cha shahamu ya sili
ubavuni mwa boti.
Maji yalinyamaza.
Hatua mbili tatu tu, lakini yalinyamaza,
mwani ukaonekana, na kaa akienda upande.

Basi wakakutilia kwa mrija kitu cheupe kama maziwa,
kilichotoka mapafuni mwa nguruwe wa mbali
(ukikua usicheke),
na kifua chako, kilichokuwa kikibonyea
mpaka mbavu zahesabika,
kikanyamaza.

Baba alikufa Novemba. Lehemu, walisema,
mshipa wa moyo umeziba kama bomba la jikoni.
Tangu hapo naitaja lehemu
kama mtu aliyetudhulumu shamba.
Sasa huyu daktari ananiambia ni hiyohiyo
iushikao utando wa seli usilegee,
ni udongo wa homoni zilizonifanya mama,
ni asili ya nyongo ikatayo siagi tumboni,
na ndugu yake anangoja chini ya ngozi
jua lirudi, limgeuze vitamini ya mifupa yako.
Sijaisamehe.
Ila nimeacha kuitukana mbele yako.

Bibiane, bibi yako, alikuja na chupa ya mafuta ya sili.
Nesi akaikataa kwa adabu.
Bibiane akaiweka chini ya kiti, akaniambia:
fungua kifua, umtie hapo.
Maana huna bado yale mafuta ya kahawia ya mabegani
ambayo mtoto huyachoma apate joto
bila hata kutetemeka.
Nikakulaza juu ya nyama uzembe zangu,
hizi nilizozionea haya mbele ya kioo tangu nisome sekondari.
Akiba ya miaka. Blanketi lisilofuliwa.
Ukalala.

Na ninapokamua maziwa, matone machache, ya manjano,
nafikiri: samaki niliyekula juzi anapita hapa,
anapanda kwenye ubongo wako,
anavisha neva ala, uzi baada ya uzi,
ili siku moja uguse barafu
na habari ikufikie upesi: baridi!

Damu nzito kuliko maji, wasema watu.
Mafuta ni mepesi kuliko yote mawili;
nimekesha siku ishirini na mbili nikiombea hayo mepesi.

Jina nilikuwa nalo, niliogopa kulitoa.
Leo alfajiri Ivalu wa zamu ya usiku amekupima,
akapima tena, akaandika:
gramu kumi na tisa zimeongezeka.
Nikapitisha kidole kwenye mzunguko wa tundu,
nikabonyeza shavu, polepole,
kama nibonyezavyo tumbo la samaki.

Kuna kitu, Aqqaluk.
Kidogo. Laini.
Kuna kitu.